Kuutenganisha Mfumo na Chuma: Taasisi Ndogo Hunufaikaje na Seva Pepe

Katika taasisi nyingi ndogo, chumba cha seva hukua bila mtu kukipanga. Huanza na kompyuta moja ya kuhifadhia mafaili ya ofisi. Baadaye programu ya uhasibu huhitaji mfumo endeshi wa toleo fulani, na muuzaji wake husisitiza isichanganywe na programu nyingine, basi hununuliwa seva ya pili. Hufuata ya barua pepe, kisha ya tovuti ya ndani, na pembeni hubaki ile kuukuu ambayo hakuna anayethubutu kuizima, kwa kuwa ndani yake mna hifadhidata ya wanachama na fundi aliyeiweka aliondoka zamani. Kila seva ina umri wake, dhamana yake iliyokwisha au inayokaribia kwisha, na namna yake ya kuharibika.

Teknolojia ya seva pepe, yaani seva kadhaa zinazoigizwa kwa programu ndani ya mashine moja halisi, hujibu hali hiyo hasa. Kwa kawaida hutetewa kwa hoja ya gharama: mwenye mashine moja badala ya tano hulipa kidogo kwa ununuzi, umeme na kipoza hewa. Hoja hiyo ni ya kweli, nami nitaifikia, lakini kwa taasisi yenye wafanyakazi ishirini au hamsini sidhani kama ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kilicho kikubwa zaidi ni kwamba mfumo wa uhasibu, ambao ndio mali halisi ya taasisi, haufungwi tena kwenye kipande fulani cha chuma. Mtu akilielewa hilo vizuri ataelewa pia kwa nini teknolojia hii hudai nidhamu ambayo seva tano zilizotawanyika hazikuwahi kuidai.

Mwenyeji na wageni

Mfumo endeshi wa kawaida hujiendesha kana kwamba uko peke yake ndani ya kompyuta: prosesa ni yake, kumbukumbu yote ni yake, diski ni zake. Ndiyo maana mifumo endeshi miwili haiwezi kufanya kazi kwa wakati mmoja juu ya kompyuta moja bila msimamizi wa kuigawia. Msimamizi huyo ni programu iitwayo haipavaiza. Hukaa kati ya maunzi na mifumo endeshi, huupa kila mfumo fungu lake la prosesa na kumbukumbu, huuonyesha diski na kadi ya mtandao ambazo kwa kweli zimeigizwa kwa programu, na huhakikisha kwamba mfumo mmoja hausomi wala kuandika katika eneo la mwingine. Kompyuta halisi huitwa seva mwenyeji, na kila mfumo unaoishi juu yake huitwa mgeni, au mashine pepe. Kwa mtumiaji aliye mezani kwake hakuna kinachobadilika. Seva ya mafaili ina jina na anwani yake ya mtandao kama zamani.

Zipo haipavaiza zinazowekwa moja kwa moja juu ya maunzi, na zipo zinazowekwa kama programu ya kawaida ndani ya mfumo endeshi uliopo tayari. Aina hii ya pili inafaa kwa majaribio kwenye kompyuta ya fundi. Kwa seva za kazi, taasisi inahitaji aina ya kwanza: ESXi ya VMware, Hyper-V ya Microsoft, Xen, au KVM, ambayo huugeuza mfumo endeshi wa Linux wenyewe kuwa haipavaiza.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Watafiti wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa tayari wakiutumia mfumo wa majaribio ulioitwa CP-40 mwaka 1967, na mwaka 1972 kampuni hiyo ilitoa VM/370 kwa wateja wake. Kompyuta moja iligharimu fedha nyingi mno wakati huo, kwa hiyo kumpa kila mtumiaji kompyuta yake ya kuigizwa kulikuwa na maana kubwa. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza kwa utaratibu wa kihisabati masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kugawanywa hivyo. Prosesa za familia ya x86, ambazo ndizo zilizokuja kujaa maofisini, hazikuyatimiza. Baadhi ya amri zake, zikitolewa na mfumo usio na mamlaka kamili, hazikukataliwa wala hazikumfikia msimamizi, bali zilileta matokeo tofauti kimyakimya; na haipavaiza haiwezi kusimamia jambo ambalo haikuarifiwa. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliepa kikwazo hicho kwa kuzitafsiri amri hizo papo hapo wakati mgeni anaendelea na kazi. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza mwaka 2003, iliurekebisha mfumo mgeni wenyewe ili ushirikiane na msimamizi wake. Intel mwaka 2005, na AMD mwaka 2006, zikaweka ndani ya prosesa zenyewe uwezo uliokuwa umekosekana. Baada ya hapo njia ilifunguka: KVM iliingia katika Linux mwaka 2007, na mwaka 2008 zikatoka Hyper-V pamoja na Proxmox VE, mfumo huria uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na ambao sasa unapendwa na taasisi nyingi ndogo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanaondoa dhana moja inayowazuia wengi, kwamba jambo hili ni la mabenki na makampuni makubwa. Uwezo ambao zamani ulikuwa wa mitambo ya bei isiyofikika sasa umo ndani ya karibu kila seva mpya, mara nyingi ukisubiri tu kuwashwa katika mipangilio ya awali ya mashine, na programu ya kuutumia inaweza kupatikana bila kununua leseni.

Chuma kisicho na shughuli

Mwaka 2007 wahandisi wawili wa Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, walionyesha kwamba seva katika vituo vyao zilitumia muda mwingi zikiwa kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba hata seva yenye matumizi mazuri ya umeme ilikula takribani nusu ya umeme wake wa juu kabisa ikiwa haifanyi karibu kazi yoyote. Hao walikuwa watu walioajiriwa kuhakikisha seva hazikai bure. Katika taasisi ndogo, ambako watu huingia asubuhi, hutunza mafaili machache na kuondoka jioni, ni rahisi kuona kwamba hali huwa mbaya zaidi. Kuziunganisha seva nne au tano katika mwenyeji mmoja kunapunguza hasara hiyo moja kwa moja, na betri ya dharura ya UPS iliyokuwa ikizihimili zote kwa dakika chache hupata nafasi ya kuhimili mashine moja kwa muda mrefu zaidi.

Seva inapogeuka kuwa faili

Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo. Diski ya mashine pepe, kwa mtazamo wa mwenyeji, ni faili kubwa. Maelezo ya mashine hiyo, yaani kiasi cha kumbukumbu, idadi ya viini vya prosesa (sehemu zake zinazoweza kufanya kazi sambamba), na kadi za mtandao, ni faili lingine dogo. Mafaili hayo mawili yakiwa salama, seva ni salama, hata kama mashine iliyokuwa ikiyaendesha imeungua.

Tulinganishe na hali ya kawaida. Seva halisi ikifa ubao mama, fundi hutafuta mashine nyingine, na kwa bahati mbaya mara nyingi huwa ya muundo tofauti. Huweka mfumo endeshi upya, hutafuta draiva (programu za kuuwezesha mfumo kutumia vifaa vya mashine hiyo), huweka programu ya uhasibu, hutafuta ufunguo wa leseni, hukumbuka mipangilio ambayo haikuandikwa popote, kisha ndipo hurudisha data. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa, na sehemu kubwa ya siku hizo haiendi kwenye data bali kwenye kuijenga upya nyumba yake. Mashine pepe haina tatizo hilo kwa sababu haikuwahi kuyaona maunzi halisi. Iliona diski na kadi za kuigizwa, na hizo zitakuwa zilezile juu ya mwenyeji mpya mwenye haipavaiza ya aina hiyohiyo. Fundi hurudisha mafaili, huiwasha, na mfumo huamka kana kwamba umeme ulikatika tu. Muda wa kurejea unakuwa, kwa kiasi kikubwa, muda wa kunakili mafaili.

Kwa ile seva kuukuu ya pembeni, faida hii ni ya kipekee. Mfumo endeshi wake hauna draiva za maunzi ya leo, kwa hiyo hauwezi kuhamishiwa kwenye mashine mpya kwa njia ya kawaida. Lakini zipo zana za kuisoma diski halisi na kuitoa kama diski ya mashine pepe, na haipavaiza nyingi bado zinaweza kuigiza vifaa vya zamani ambavyo mfumo huo unavitambua. Hifadhidata ya wanachama hupata miaka ya ziada wakati taasisi inatafuta mbadala. Nasisitiza kwamba hiyo ni nafasi ya kupumua tu: mfumo usiopata tena masasisho ya usalama unabaki dhaifu uleule, na unapaswa kuwekwa kwenye kipande cha mtandao kilichotengwa, mbali na intaneti.

Kuna pia jambo la majaribio, ambalo wasimamizi wa mifumo hulithamini kuliko wakuu wao wanavyofahamu. Toleo jipya la programu ya mishahara likitoka, mashine pepe hunakiliwa, nakala hufunguliwa kwenye mtandao wa pembeni, na toleo jipya hujaribiwa humo kwa data halisi bila mfanyakazi yeyote kuathirika. Taasisi isiyoweza kununua seva ya majaribio hupata moja kwa gharama ya nafasi ya diski.

Kutenganishwa kwa mifumo nako kuna thamani yake. Pale ambapo zamani programu tatu zilisongamana ndani ya mfumo endeshi mmoja kwa kuogopa gharama ya seva nyingine, sasa kila moja inaweza kupewa mashine yake. Sasisho linaloivuruga tovuti haligusi uhasibu, na mvamizi aliyefanikiwa kuingia kwenye tovuti bado ana kizuizi mbele yake, mradi mitandao ya mashine hizo nayo imetenganishwa. Kizuizi hicho hakipaswi kuaminiwa kupita kiasi. Mwaka 2015 ulitangazwa udhaifu ulioitwa VENOM, uliokuwa ndani ya programu inayoigiza kiendeshi cha diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa akikitumia tena, na ambao ungeweza kumwezesha aliye ndani ya mgeni kutoka hadi kwa mwenyeji.

Snapshoti si nakala rudufu

Haipavaiza nyingi hutoa uwezo wa kuchukua snapshoti, yaani kuigandisha hali ya mashine katika dakika fulani ili iweze kurudishwa hapo. Kabla ya kuweka sasisho, snapshoti huchukuliwa. Sasisho likiharibu kitu, mashine hurudishwa ilivyokuwa. Ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu imewaponza wengi, kwa kuwa huzaa hisia kwamba taasisi tayari ina nakala rudufu. Haina. Katika mifumo mingi snapshoti ni faili la mabadiliko tu, linaloandikwa juu ya diski ya awali na kuitegemea kikamilifu. Diski ya awali ikiharibika, snapshoti haina maana yoyote. Tena faili hilo huendelea kukua kadiri mgeni anavyoandika, na likisahauliwa kwa miezi linaweza kujaza hifadhi yote ya mwenyeji na kuwasimamisha wageni wote waliomo. Utaratibu mzuri ni kuichukua, kufanya kazi iliyokusudiwa, kuthibitisha matokeo, na kuifuta baada ya siku chache.

Nakala rudufu ya kweli hukaa mahali pengine. Kanuni inayofahamika ni ya nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, na moja kati yake ikiwa nje ya jengo. Ningeongeza kwamba moja isifikike kwa nywila za kawaida za ofisi. Februari 2023 wahalifu walizishambulia seva nyingi za ESXi duniani kupitia udhaifu ambao marekebisho yake yalikuwa yametolewa miaka miwili kabla, wakayafunga mafaili ya mashine pepe kwa usimbaji fiche na kudai malipo. Aliyezihifadhi nakala zake kwenye diski za mwenyeji huyohuyo hakuwa na nakala.

Ipo pia tofauti kati ya kunakili diski ya mashine inayofanya kazi na kuinakili ikiwa imejiandaa. Hifadhidata huwa na taarifa ambazo bado ziko kwenye kumbukumbu na hazijaandikwa kwenye diski. Ikinakiliwa ghafla, nakala inafanana na kompyuta iliyokatiwa umeme. Mara nyingi itaamka vizuri, lakini "mara nyingi" halitoshi kwa daftari la fedha. Kwa hiyo ndani ya kila mgeni huwekwa programu ndogo ya wakala inayoiagiza hifadhidata iandike kila kitu na itulie kwa sekunde chache wakati nakala inachukuliwa.

Deni linaloambatana na faida

Seva tano zilipokuwa tano, moja ikiharibika nne ziliendelea. Mwenyeji mmoja akiharibika, zote tano husimama. Hakuna namna ya kuipamba hoja hii, na taasisi inayoingia katika teknolojia hii kwa nia ya kuokoa fedha tu huwa imebadilisha hatari tano ndogo kwa hatari moja kubwa. Fedha zilizookolewa kwenye idadi ya mashine zinapaswa kurudi, angalau kwa sehemu, kwenye ubora wa mashine iliyobaki: vitengo viwili vya umeme, diski zilizopangwa ili moja ikifa data ibaki, na kumbukumbu yenye uwezo wa kusahihisha makosa.

Hatua inayofuata ni mwenyeji wa pili. Wauzaji hupenda kuipeleka taasisi moja kwa moja kwenye klasta, yaani kundi la wenyeji wanaofanya kazi kama kitu kimoja, yenye hifadhi ya pamoja, ambamo mwenyeji mmoja akifa wageni wake huwashwa wenyewe kwa mwingine. Ni jambo zuri, lakini klasta ina masharti yake. Wenyeji wawili tu wakipoteza mawasiliano kati yao, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake amekufa, na wote wawili wakaanza kuandika kwenye data ileile. Ndiyo maana huhitajika kura ya tatu ya kuamua nani aendelee. Kwa taasisi inayoweza kuvumilia kusimama kwa saa moja, naona wenyeji wawili wasio na klasta, mmoja akipeleka nakala za mashine zake kwa mwenzake kila baada ya dakika kadhaa, ni mpango unaoeleweka na kutengenezeka kwa urahisi zaidi. Kinachopotea ni kazi ya dakika hizo chache, na anayeamua kuwasha upande wa pili ni mtu, si mashine.

Katika kupima ukubwa wa mwenyeji, wengi hutazama prosesa kwanza, ilhali kinachokwisha mapema ni kumbukumbu. Viini vya prosesa huweza kugawiwa kwa wageni kwa idadi inayozidi iliyopo, kwa sababu si wote wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Kumbukumbu haivumilii hivyo. Ikipungua, mwenyeji huanza kutumia diski badala yake na kila kitu hulegea. Tuchukulie wageni wanne wanaohitaji gigabaiti 16, 8, 4 na 4. Jumla ni 32, haipavaiza nayo inahitaji yake, hivyo mwenyeji wa gigabaiti 64 ana nafasi ya kukua na ya kupokea mashine za majaribio. Wakiwa wenyeji wawili, kila mmoja awe na uwezo wa kuwabeba wageni wote, vinginevyo wa pili ni pambo. Baada ya kumbukumbu hufuata kasi ya diski, kwa kuwa wageni wanaosoma na kuandika kwa pamoja huzichosha haraka diski za kuzunguka; diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, zimelipunguza tatizo hili sana.

Leseni zinahitaji kusomwa kabla ya kununua chuma. Leseni ya Windows Server ya toleo la Standard, kwa mfano, huhesabiwa kwa viini vyote vya mwenyeji, visivyopungua 16, na huruhusu mashine pepe mbili za Windows. Akitakiwa mgeni wa tatu, viini vyote hulipiwa tena. Mwenyeji mwenye viini vingi asivyovihitaji anaweza kuigharimu taasisi kuliko bei ya mashine yenyewe. Masharti ya haipavaiza nayo hubadilika. Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023, haikuchukua hata mwezi mmoja na nusu kabla ya kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuhamia malipo ya kila kipindi, na taasisi nyingi ndogo zikajikuta zikipiga hesabu upya. Wengine walihamia Proxmox VE au Hyper-V, na kuhama huko, ingawa si kazi nyepesi, kuliwezekana kwa sababu ileile tuliyoianza nayo: diski ya mashine pepe ni faili, na faili hubadilishwa umbo.

Si kila mfumo unaofaa kuhamishwa. Programu inayotegemea kifaa maalumu kilichochomekwa kwenye mashine, au kompyuta inayoendesha mitambo kwa muda usioruhusu kuchelewa hata kidogo, huenda ikabaki mahali ilipo. Na taasisi yenye mfumo mmoja tu, ambao tayari unatolewa na mtoa huduma kupitia intaneti, haina la kupata hapa.

Kwa iliyoamua kuhama, kazi ya kwanza baada ya mgeni wa mwisho kuhamishwa ni kurudisha mashine moja kutoka kwenye nakala rudufu, juu ya maunzi mengine, saa ikihesabiwa. Zoezi hilo hufichua mambo ambayo hakuna mchoro unaoyaonyesha. Nywila ya haipavaiza huenda imehifadhiwa ndani ya mashine pepe ambayo imezimika. Seva inayogawa anwani za mtandao nayo ni mgeni, kwa hiyo kompyuta ya fundi haipati anwani ya kumfikia mwenyeji. Ufunguo wa kufungulia nakala zilizosimbwa uko kwenye seva ya mafaili, na seva ya mafaili ndiyo inayorudishwa. Mambo hayo matatu huandikwa kwenye karatasi, pamoja na mpangilio wa kuwasha wageni na idadi ya saa zilizotumika, na karatasi hiyo hufungiwa kabatini nje ya chumba cha seva.